Mapafu ya Mbuzi wa Qamara

Jumatatu, 2 Juni
Kijiji kinatafuta mhudumu wa afya. Mmoja tu! Atavaa koti, na wazee watamsikiliza hata kama amenyoa vibaya. Mtu huyo ni mimi, Bura. Jumamosi wagombea tutasimama mbele ya mkutano, na nesi Loveness wa zahanati atatuuliza binadamu anapumuaje. Baridi hii ya hapa kwetu Nambis imejaza kikohozi kila nyumba. Mpinzani ni mmoja: jirani yangu Yoakimu. Ana kitabu cha baiolojia cha binti yake. Nimekiomba kwa adabu. Akasema hakiazimwi wiki ya mtihani. Mtihani wa nani? Wake!

Jumatano, 4 Juni
Nani anahitaji kitabu? Nimekwenda buchani kwa Qamara, nikaomba mapafu ya mbuzi na bomba lake la hewa. Akauliza kama mbwa wangu hawajambo. Nikasema ni ya elimu. Akasema hata mbwa wake wa zamani alikuwa msomi.
Nimeyatandaza mezani. Ajabu ya Mungu! Bomba lina pete ngumu ili lisijikunje. Nikachomeka pampu ya baiskeli. Yakavimba, yakawa mepesi kama maandazi. Nikiacha, yanasinyaa yenyewe. Nikahesabu matawi ya bomba: moja linachepuka mapema kulia, kisha mawili. Jumla matatu. Mke wangu Marieta akasema nikihitimu nioshe meza, watu wanakula pale.

Ijumaa, 6 Juni
Marieta ameuliza kama nina uhakika mtu na mbuzi wako sawa ndani. Nimemwambia wote tunakohoa. Akarudi jikoni. Nimeshinda.
Jioni nimepita kwa Yoakimu kupeleleza. Yuko zizini, anawakariria ng'ombe: pua, koo, bomba, mapafu. Anatetemeka kama bwana harusi. Nimemwonea huruma. Kidogo.

Jumamosi, 7 Juni
Siku ya aibu. Hapana, ya fitina.
Yoakimu alianza. Akakariri yote kwa mkupuo mmoja, mpaka nesi akamsihi avute hewa.
Zamu yangu. Nikawaamkia wazee shikamoo, nikatoa mapafu kwenye ndoo, nikasukuma pampu. Watu wakasimama! Bibi Verediana, anayekohoa tangu mwaka juzi, akasogea mbele kabisa. Nikaeleza nilivyosikia redioni: kiwambo chini ya mbavu kikishuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Kikipanda, inatoka. Ndani kuna vifuko vidogo visivyohesabika, damu inapita pale kuchukua hewa safi na kuacha chafu. Na moshi wa jikoni nao unafika humo humo. Makofi!
Hapo ningekaa. Sikukaa. Nikatangaza kwamba bomba la binadamu lina matawi matatu. Nesi akasema mawili, la tatu ni la mbuzi na jamaa zake. Nikasema labda watu wa mjini ndio wana mawili. Qamara akapaza sauti kutoka nyuma: kumbe ndiyo maana Bura haonekani tukiitwa kuchimba mtaro, yuko malishoni! Mkutano mzima ukaangua kicheko.
Wakamchagua Yoakimu.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada Bibi Verediana amenishika mkono. Usiku kucha amewaza vile vifuko. Ameshamwambia mwanawe atoboe dirisha jikoni, na kesho anakwenda zahanati kupimwa kifua. Nimekohoa.
Kisha Yoakimu amekuja, amevaa koti. Amesema watu wanamsikiliza wakisinzia. Ananiomba nizunguke naye nyumba kwa nyumba na pampu yangu. Sharti moja: matawi mawili. Nimekubali mawili. Moyoni matatu.
Tayari nimemwagiza Qamara tumbo la ng'ombe, maana somo la pili litakuwa chakula. Nimelichungulia buchani. Vyumba vinne!
Leo mezani Marieta ameuliza kwa nini naongeza ugali mara ya tatu. Nimemweleza kisayansi: bado chumba kimoja.