Nilivyomwita Tumaini Kivukoni

Leo nimejiaibisha Kivukoni, tena nimevaa kitenge cha jumuiya. Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Wanaonifahamu wanajua habari za wanangu wa boksi. Miaka mitatu iliyopita pikipiki ilimgonga mbwa wetu Malkia, akaacha watoto watano ambao hata macho hawajafumbua. Wangu wa kuzaa walishaondoka, mmoja Mbeya, mmoja Dar, nyumba kimya. Nikawaweka kwenye boksi la sabuni karibu na jiko, nikawanywesha maziwa kwa chupa, baadaye uji wa mchele. Nikawapa majina ya watu (ndiyo, najua). Marehemu mume wangu alilalamika kila siku, "Hii ni nyumba au chekechea?" Halafu mchana namkuta kamlaza Tumaini kifuani, wote wawili wanakoroma.

Walipokua niliwagawa mmoja mmoja. Tumaini aliondoka wa mwisho. Mwaka uliofuata mume wangu naye akaondoka. Lile boksi mpaka leo nimeshindwa kulichoma.

Basi asubuhi nikaenda Kivukoni, pale mtoni, kununua kambale. Nikaona mbwa mwekundu kalala kando ya mtumbwi, sikio moja jeupe. Sikio la Tumaini wangu lile. Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono, nikatoa ile sauti yangu ya kubembelezea.

"Tumaini, mwanangu, njoo kwa mama. Umenisahau mimi niliyekunyonyesha?"

Mbwa alifungua jicho moja, akalifunga.

Aliyeitika ni mwanamume mwenye ndevu, nyuma ya meza ya samaki. "Naam?"

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Nikabaki nimechuchumaa. (Aibu ina uzito wake.) Mkewe, aliyekuwa anaparua samaki, akaweka kisu chini.

"Tumaini, huyu ni nani?"

"Simjui."

"Humjui na amekunyonyesha? Si uliniambia mama yako alifariki ukiwa mdogo?"

"Alifariki, mke wangu. Nakuapia."

"Ndiyo maana hutaki kunipeleka kwenu Mlimba."

Watu wakaanza kusogea. Bibi mmoja akanishika bega. "Msamehe tu, mwanangu. Watoto wa kiume wakishaoa ndivyo walivyo."

Yule kijana akaja mbele yangu, mikono imejaa magamba. Akaniambia polepole, "Shikamoo mama. Kama kweli ni wewe, sema."

Hapo nilishindwa. Nikasema, "Marahaba, baba. Nilikuwa namwita mbwa."

Hata mteja aliyekuwa anabishania bei aliacha. Kisha mkewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo, na Kivukoni nzima ikamfuata.

Akatokea mzee mmoja Msukuma, mfugaji, na fimbo yake. "Mbwa wangu kafanya nini?"

Wakamweleza. Akatikisa kichwa. "Huyu anaitwa Mlinzi. Nilipewa na mama mmoja wa mtaa wa Viwanja Sitini. Yule mama alilia utadhani anaozesha binti. Akanipa na kishuka, akaniagiza nimfunike kukiwa na baridi. Nikajisemea, huyu mama haumwi kweli?"

"Ni mimi, mzee. Tumesahauliana tu sura."

Wakaanza kucheka upya, na mzee akiwemo. Katikati ya vicheko hivyo mbwa akainuka, akajinyoosha, akaja kunusa viganja vyangu. Alinusa muda mrefu. Kisha akaweka kichwa gotini kwangu, akashusha pumzi, akanilowesha kitenge kwa udenda. Nikalia mbele ya umati wote, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Ukimkumbuka, njoo umwone," mzee akaniambia. "Na kishuka bado anacho."

Yule Tumaini mwingine alinichagulia kambale mnono, akanifungia, akasema, "Siku nyingine ukipita niite tu, mama. Nitaitika."

Msinicheke jamani. Nilifuata samaki, nimerudi na watoto wawili, na mmoja ana ndevu.