Kilo Zilizopungua

Natangaza kwa fahari kwamba Mpango wa Afya za Watumishi wa Mamlaka ya Mizani na Ustawi wa Mwambao, hapa Musoma, umefaulu kwa asilimia mia na kumi na nne. Mimi, Masatu, ndiye mratibu, na takwimu zote nimezitunga mwenyewe. Samahani, nimeziandaa.

Gharama ilikuwa milioni arobaini na mbili: trakisuti, mwalimu wa zumba kutoka Mwanza, maji ya chupa, na posho za kikao cha kujadili maji ya chupa. Faida ilihitaji kanuni. Nikaamua kwamba kila kilo anayopungua mtumishi inaiokolea ofisi shilingi elfu tisini za dawa za presha na sukari. Niliamua hivyo saa nne asubuhi, kabla ya chai. Mkurugenzi wetu, Bwana Werema, akasaini na kugonga muhuri.

Mwanzoni tulipimwa zahanati. Siku ya matokeo manesi wakatufukuza. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Mizani yetu hatukuinunua, fungu lake liliishia kwenye trakisuti. Nikaazima ya Keraryo, mnunuzi wa samaki pale mwaloni Mwigobero. Si tulishaikagua wenyewe na kuibandika stika!

Jamani, matokeo! Wastani wa kilo kumi na mbili kila mtu. Mimi nilitoka kilo mia nikafika themanini na sita, ingawa suruali ilizidi kubana. Nilimlaumu fundi. Watumishi sitini, kilo mia saba na ishirini, karibu milioni sitini na tano. Keki ikakatwa.

Sasa kuna huyu mama, Gaudensia, mwenye boti ya uvuvi. Alishaniletea barua tatu kwamba mizani ya Keraryo inamwibia. Mara zote nilimjibu suala lake linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, akauza injini ya boti ili awalipe wavuvi wake. Hilo nililijua, na naona aibu kuliandika.

Sherehe ya matokeo tuliifanya palepale Mwigobero, Mkurugenzi kasimama juu ya mizani akipigwa picha, bango kubwa la faida nyuma yake. Bajaji ikasimama. Gaudensia akashusha mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa.

"Shuka kidogo, baba. Huu si umeandikwa kilo hamsini?"

"Ndiyo, mama."

Ukapandishwa. Mshale ukasoma arobaini na tatu.

"Saruji nayo imepungua kilo saba," nikatangaza kwenye kipaza sauti, kwa mazoea tu. "Tuipongeze."

Watu wakaangua kicheko.

"Masatu, funga mdomo!" Mkurugenzi akaninong'oneza. Kisha akapaza sauti: "Mama, mizani hii ni sahihi. Ina stika yetu."

"Haya. Kumbe samaki wangu walikuwaga wanapungua hivihivi, kila siku, toka Januari. Na hapo kwenye bango mmeandika kilo ikipungua ni elfu tisini. Nilipeni za kwangu."

"Hiyo bei ni ya kilo za watumishi, siyo za sangara!"

"Wapi mmeandika hivyo?"

Mkurugenzi akanigeukia. Nikalisoma bango lote, mpaka namba ya simu ya mchapishaji. Hatukuandika.

Mwanasheria wetu, Benedikta, alishauri tukubali stika yetu ni ya uongo, au tulipe. Mkurugenzi akachagua kulipa, haraka, kabla wenye boti wengine hawajalisoma bango. Walikuwa wameshalisoma.

Keraryo kanyang'anywa mizani. Gaudensia kanunua injini mpya. Gari la Mkurugenzi limeenda mnadani, na bado hatujamaliza kulipa. Kila asubuhi Bwana Werema anatembea kutoka kwake Makoko hadi ofisini, juani, vumbi hadi magotini, mimi nyuma yake nikihema na mafaili. Juzi manesi walikubali kumpima. Kapungua kilo sita, za kweli kabisa. Nilimpa hongera, akanibebesha faili jingine.