Mlango wa Chuo cha Maneno Pacha

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wakurugenzi, wasaidizi wa wakurugenzi, wasaidizi wa wasaidizi hao, nanyi wananchi mliosimama juani kwa kuwa viti vimetutosha sisi (makofi kutoka vitini).

Leo, kwa mujibu wa mpango mkakati na fremuweki yake, nazindua chuo kitakachowafundisha makarani maneno ya Kiingereza yanayotamkwa sawa lakini yenye maana tofauti, kwani utafiti nilioufanya mwenyewe kabla ya chai umebaini kuwa asilimia mia moja na nne ya aibu za ofisi yetu zatokana nayo. Mnaikumbuka barua ya kuwaalika wafadhili wakutane nasi, iliyoandikwa "meat" badala ya "meet", wakaja wakiuliza nyama iko wapi (vicheko).

Barua ile ilipita kwa mabosi saba, wa saba nikiwa mimi, na kila mmoja alitia saini kwa kuiamini saini iliyotangulia, kama ulivyo utaratibu wetu, maana bosi anayesoma anamdhalilisha mwenzake. Ndipo tukamsimamisha kazi mpiga chapa, yule dada pale mbele, hadi afaulu mtihani wa chuo hiki. (Mpiga chapa: "Kalamu ninayo, mheshimiwa. Mtihani chumba gani?") Subira, dada yangu. (Sauti nyuma: "Na ninyi saba mtakaa dawati lipi?") Huyo aandikwe jina. (Sauti: "Na nani? Mwandishi si mmemsimamisha?" Hata walinzi wanacheka.)

Sasa nakata utepe wa mlangoni. Pita, dada, uwe wa kwanza. (Anapita.) Semeni nami: Maneno pacha! (Umati: "Tuyatenge!") Saini kwanza! (Umati: "Kusoma baadaye!")

Nimalizie kwa kumshukuru fundi seremala aliyetuazima mlango huu na fremu yake, pamoja na walinzi wawili wanaoushikilia usianguke, kwani mteja aliyeuagiza anausubiri saa kumi. Dada, umeshaingia? (Mpiga chapa, nyuma ya mlango: "Nimeingia, mheshimiwa. Huku nako ni nje.") Hongera, basi umefaulu. Rudi kazini, uanze na ripoti ya uzinduzi. (Mpiga chapa, akitokeza na karatasi: "Hii hapa. Nimeandika kila nilichokiona.")

Lete nitie saini.