Kilichomo Ndani ya Kamba

Idara ya Makasri na Mambo ya Zamani Yanayoendelea inayo furaha kuutangazia umma kwamba ziara ya wanafunzi katika Kasri la Kale imefanyika kwa mafanikio makubwa. Uvumi kwamba Mheshimiwa Waziri alifanywa kielelezo cha makumbusho ni uzushi wa watu wasiolitakia mema taifa. Alifanywa kwa muda tu.

Mimi ndiye Kaimu Mkurugenzi wa Kasri. Nimekaimu hadi wanangu wanadhani Kaimu ndilo jina langu. Siku hiyo Waziri angekuja kupiga picha na wanafunzi, na nilidokezwa kwamba picha zikitoka vizuri, atanithibitisha. Mke wangu alikwishawatangazia majirani. Asubuhi nilifanya mazoezi ya kushtuka kwa furaha mbele ya kioo.

Wanafunzi walifika mapema, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Tukawapanga uani, juani, ili waizoee historia. Binti mmoja mrefu, ambaye wenzake walimwita Wakili, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Choo kiko wapi?"

"Marahaba. Choo cha hapa ni cha kifalme. Hakitumiki."

"Sasa sisi tufanyeje?"

"Suala lenu liko kwenye mchakato."

"Na huo mchakato una mlango?"

Vijana wa siku hizi hawana subira kabisa.

Katikati ya ukumbi kipo kiti cha enzi, kimezungushiwa kamba nyekundu. Mlinzi wa kamba ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyepata kazi baada ya ushindani mkali kati yake na yeye mwenyewe. Anasimamia sheria moja: kilichomo ndani ya kamba hakitoki bila idhini ya Mkurugenzi. Waziri mwenyewe aliitangaza, baada ya kutoweka kigoda alichokuwa mfalme akiwekea miguu. "Awe mkubwa, awe mdogo!" alinguruma, na sote tukapiga makofi. Kuingia hakukukatazwa. Hakuna aliyewaza kwamba mtu mwenye akili timamu angeingia.

Waziri aliwasili, akavuka kamba, akakaa kitini. Simu za wanafunzi zikainuka zote. Bahati mbaya kiti kilitengenezwa kwa ajili ya mfalme mrefu, na miguu ya Mheshimiwa ikawa inaning'inia.

"Bosi," dereva wake akasema kwa moyo safi, "nikimbie nyumbani nikalete kile kigoda cha sebuleni?"

Waziri akapatwa na kikohozi. Nami, kwa kuwa mtumishi mwema hasikii yasiyomhusu, nikaruka kamba kwenda kumnyoosha tai. Picha zikapigwa. Waziri akashuka, akataka kutoka.

"Samahani, mheshimiwa," shemeji akasema, akisimama mbele yake. "Kilichomo hakitoki."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Ndiyo. Ndiwe uliyetunga sheria."

Angeweza kumsukuma. Lakini simu zile zilikuwa bado juu, na Wakili alikuwa anamwambia mwenzake, "Endelea kurekodi, usikate."

"Mkurugenzi ni nani hapa?" Waziri akauliza, sauti imepungua.

"Nakaimu mimi, mheshimiwa."

"Basi nitoe!"

"Kaimu anapokea wageni tu," shemeji akasema. "Kutoa hana mamlaka."

"Basi namthibitisha sasa hivi!"

Ndugu msomaji, moyo wangu uliruka. Nikashtuka kwa furaha kama nilivyofanya mazoezi. Nilikuwa sijamaliza kushtuka shemeji aliponiangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Huyu naye yumo ndani ya kamba, mheshimiwa. Kielelezo kitakuwaje mkurugenzi?"

Mwalimu wao akawaambia wanafunzi wasogee karibu, waone vizuri. Waziri akajifuta jasho, akatazama huku na huku. Nje ya kamba, mtumishi wa Kasri alikuwa mmoja tu.

"Mkurugenzi ni wewe," akamwambia. "Haya, nitoe!"

"Nashukuru kwa imani, mheshimiwa." Akavuta kiti cha plastiki akaketi, akakunja nne. Nilimjua tangu anasoma shule ya msingi, lakini mkao huo sikuwahi kuuona. "Ila kuna kigoda kilitoka humu bila idhini. Kirudi kwanza, ndipo vingine vitoke."

Waziri akamtazama dereva. Dereva akatazama dari.

"Nenda," Waziri akanong'ona.

Alirudi nacho kikiwa bado na kitambaa cha maua na rimoti ya televisheni juu yake. Wanafunzi walishangilia kuta zikatetemeka. Mkurugenzi mpya akakipokea, akakifuta vumbi, akakiweka mahali pake. Kisha akamzunguka Waziri, akamkagua mbele na nyuma.

"Hali yake: kimechakaa kidogo," akasema. "Kitolewe."

Mheshimiwa aliondoka bila hotuba, rimoti mkononi.

"Na mimi je, shem?" nikauliza.

"Ngoja kwanza nikaione ofisi," akajibu, akaenda zake.

Taarifa hii, basi, naiandika nikiwa eneo la tukio. Jua limeshazunguka upande wa pili wa ukumbi, nami tangu asubuhi nimekunywa chai nyingi ya kusubiria cheo. Wanafunzi wanapita kwa mstari, wananitazama. Nikamwita yule binti mrefu, nikambembeleza.

"Mwanangu, kaniombee ruhusa kwa Mkurugenzi. Mwambie nimebanwa. Nahitaji choo."

Wakili akanitazama kwa heshima zote.

"Usijali, mzee. Suala lako liko kwenye mchakato."