Meno Yaliyopimwa Rasmi

Owen Odhiambo hakuzaliwa afisa. Uafisa ulimkuta Msambweni, mwezi wa tisa, akinywa chai mbele ya duka la nafaka la Rashad.

Aliinywa polepole, kama mtu asiye na pa kwenda. Kwa miaka sita alikuwa mchangamsha wageni katika hoteli moja ya Diani, akiwachezesha viungo ndani ya bwawa na kuwafundisha Kiswahili cha dakika tano. Kisha hoteli ikafungwa ifanyiwe ukarabati, na ukarabati wenyewe ukawa ni mlinzi mmoja na mbwa wake. Mkewe, Nereah, hakuwa ameambiwa. Kila asubuhi Owen alivaa shati la kazi, akatoka nyumbani kwake Ukunda, akaenda kukosa kazi mahali pengine.

Siku hiyo mkulima mmoja alikuwa akibishana na Rashad juu ya gunia la mahindi.

"Kumi na nane," alisema Rashad, akisoma kimashine chake cha kupimia unyevu. "Yamelowa, mzee wangu. Mahindi yanatakiwa yasizidi kumi na tatu na nusu kwa mia. Haya nitayachukua kwa bei ya mahindi maji."

"Yamelowa wapi? Nimeyaanika wiki tatu. Panya wa kwangu wameyashindwa."

"Bishana na mashine. Mimi ni msomaji tu."

Owen alitoa kalamu mfukoni ajikune sikio. Rashad aliiona ile kalamu, na kwa haraka akakifunika kimashine kwa gazeti. Basi Owen akasahau sikio lake. Mtu anayeogopa kalamu ana jambo la kuandikwa.

Alisubiri mkulima aondoke, akanyoosha kola, akaenda kaunta.

"Assalamu alaikum. Mashine hii ilipimwa lini?"

"Alaikumu salaam. Ipimwe tena? Si ndiyo inayopima?"

"Na mpimaji, nani amempima?"

Rashad alilivuta gazeti lifunike zaidi. Kimashine alikuwa amekibonyezabonyeza mwenyewe mpaka kikawa kinaongeza tano na nusu juu ya ukweli, na tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri kwa hofu ya swali hilo hilo.

"Nitarudi Jumatatu," alisema Owen kwa upole. "Rasmi."

Wikendi ile, kwenye saibakafe moja ya Ukunda, ofisi nzima ilizaliwa: kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, bunda la stika za kijani zilizoandikwa SAHIHI, na waraka wa kurasa mbili. Waraka ulisema kwamba vyombo viwili vikipima punje zile zile, visitofautiane zaidi ya nusu. Ulisema pia kwamba chombo chochote cha kupimia unyevu wa nafaka, kiwe cha aina yoyote, hakiruhusiwi kutumika mpaka kithibitishwe. Owen alipousoma, alijikuta anaukubali. Ulikuwa waraka mzuri kuliko nyingi za kweli.

Jumatatu Rashad aliusoma waraka, akaziona stika, akaleta sambusa.

"Mheshimiwa, tuseme mashine imepotoka kidogo. Inapata stika?"

"Inategemea sampuli," alisema Owen. "Sheria inataka magunia mawili kwa kila mashine. Moja la kupima, jingine la kuthibitisha lile la kwanza. Yanakwenda maabara."

"Na yanarudi?"

"Sayansi hairudishi."

Rashad alitoa magunia mawili akiwa na furaha ambayo Owen hakuitarajia. Hapo Owen alielewa biashara yake. Hakuwa anauza usahihi. Alikuwa anawauzia waongo cheti cha ukweli, na hiyo ni bidhaa isiyohitaji matangazo. Rashad alimpigia simu mwenzake wa Lunga Lunga, naye akawapigia wengine, na kwa majuma mawili afisa alipita barabara ile akibandika. Mashine kumi na moja, magunia ishirini na mawili.

Maabara ilikuwa Jego, karibu na Vanga, mbali na macho ya watu. Hasa ilikuwa ghala la mjane mmoja aitwaye Biasha, aliyenunua mahindi ya kulisha watoto wa shule ya pale kijijini. Siku magunia yalipoletwa, Biasha aliyazunguka, akashika mshono wa moja, akashika wa jingine, kisha akasema kodi ya ghala atalipwa baadaye, hana haraka. Owen alimwona mama mpole sana.

Tatizo lilikuja alipotaka kuuza. Alilipeleka gunia moja kwa Rashad kwa bodaboda, akaeleza kwamba maabara imebakiza.

Rashad alichota punje, akapima. "Kumi na nane."

"Rashad ndugu yangu, wewe na mimi tunaijua mashine hii."

"Naijua. Ni sahihi." Rashad aliigonga stika ya kijani kwa kidole. "Iko saini hapa, mwandiko mzuri kabisa. Kama afisa aliyeisaini ni mwongo, nionyeshe nimshtaki."

Owen alilipandisha gunia lake kwenye bodaboda. Njia nzima mpaka Jego alihesabu mashine za pwani ya kusini ambazo hazijabandikwa stika yake, na hakupata hata moja. Nyumbani nako Nereah alikuwa amekutana sokoni na yule mlinzi mwenye mbwa, na sasa alitaka maelezo kabla ya Ijumaa, la sivyo angepanda basi la kwao Homa Bay.

Alimkuta Biasha barazani akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona gunia limerudi? Maabara imelikataa?"

"Mama, nataka kukuuzia wewe. Yote. Unapima kwa mashine gani?"

Biasha alijigusa shavu. "Kwa meno. Miaka arobaini natafuna punje, natema, nataja. Lakini waraka wako ulifika hapa. Chombo cha aina yoyote. Basi nimefunga kinywa. Wiki mbili sijagusa hata hindi la kuchoma. Nakula ndizi, nisije nikaonekana napima."

Owen alimtazama aone kama anacheka. Hakuwa anacheka.

"Nitakupima sasa hivi," alisema.

Akaketi mkekani, akafungua fomu. Aina ya chombo: meno. Idadi: kumi na tisa. Mwaka wa kutengenezwa: 1955. Betri: haihitajiki. Kisha akatoa kichupa chake cha mahindi ya mfano, ambacho lebo yake ilisema kumi na tatu na nusu kwa sababu ndivyo alivyoiandika. Biasha alitafuna punje, akafumba macho, akatema kwenye kopo.

"Kumi na nne na robo."

Tofauti ilizidi nusu. Kwa sheria Biasha alikuwa ameanguka. Owen aliinamisha kichwa kama hakimu, akabandua lebo, akaandika nyingine: kumi na nne na robo.

"Sahihi kabisa," alisema. "Stika nibandike wapi? Shavuni?"

"Shavuni nitatawadha vipi? Weka kwenye kopo."

Akabandika, akasaini. Biasha akasogea kwenye magunia, akatafuna punje moja moja, gunia baada ya gunia, bila haraka. Alipomaliza alijifuta midomo kwa upindo wa leso.

"Yote kumi na nane. Nitayachukua kwa bei ya mahindi maji."

"Mama, haiwezekani."

"Wapinga chombo au wapinga saini?"

Owen aliitazama saini yake kwenye kopo. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Akakubali bei, kodi ya ghala ikakatwa humo humo, na kilichobaki kikaingia katika mfuko mmoja wa shati bila kuuvimbisha.

Alasiri aliposimama barabarani kungoja gari, lori liliegeshwa mbele ya ghala. Dereva, Mwinga, aliuliza kama mahindi yamekauka vya kutosha.

"Kumi na mbili na nusu," alijibu Biasha. "Yatikise, utasikia kokoto. Sita yashushe shuleni, yaliyobaki yapeleke Ukunda."

Owen alirudi taratibu. "Mama, asubuhi ulisema kumi na nane."

"Asubuhi nilikuwa nakusomea mashine ya Rashad." Biasha alivuta mshono wa gunia, uzi wa nyavu wa samawati. "Uzi huu naushona mimi. Manane ni yangu, mengine ya majirani. Tulimuuzia yeye na wenziwe, wakatuambia kumi na nane, wakatupa bei ya maji. Ukaja wewe ukasema wako sahihi. Mimi ni nani nibishane na serikali?"

"Na majirani?"

"Watapata chao leo kabla ya magharibi. Kesho wenye mashine zile watapata mgeni. Afisa wa vipimo amefika Msambweni, huyu wa kweli, anauliza nani alibandika."

Owen alivua kitambulisho shingoni, akakitia mfukoni, akalitazama lori. Juu ya magunia palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Mama, naomba lifti mpaka Ukunda."

Biasha alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. Jua lilikuwa kali, na shati la kazi lilikuwa limemganda mgongoni.

"Panda," alisema. "Lakini usitokwe jasho juu ya mahindi yangu."