Mhojiwa wa Nyumba 404

Jumatatu, 6 Novemba. Toyama. Mvua.

Leo nimepata mwanga. Miaka kumi na tisa kazini, na leo ndiyo nimegundua kwamba watu hawahitajiki!

Ofisi yetu huuliza watu maswali arobaini na mawili kuhusu maisha yao ya kila siku. Asubuhi unakula mkate au wali? Una miavuli mingapi? Maji ya kuogea ukishayatumia unayamwaga au unafulia nguo? Karatasi ya zawadi unaichana au unaikunja ukaiweka? Tunajumlisha, tunatoa asilimia, gazeti linaandika kwamba Wajapani wamebadilika. Kazi yangu ni kugonga milango. Leo nimegonga sitini na mmoja katika majengo ya manispaa kando ya mto. Imefunguka miwili. Wa kwanza alinisikiliza hadi swali la thelathini, kisha akasema yeye ni fundi wa gesi tu, mwenye nyumba katoka. Wa pili ukafungwa kabla sijamaliza salamu.

Tsukuda Orie amerudi na fomu kumi na nane. Zimejaa! Binti ana miezi michache tu kazini, anacheka na wazee utadhani mjukuu wao, wanampa hadi chai. Bosi wetu, Bi Ibuki, alizipanga fomu zake mezani kama maua. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, Bwana Nagashio?"

Nikamwambia zangu zimelowa, zinakauka.

Uongo. Fomu yangu ilikuwa moja, na niliijaza mwenyewe mgahawani nikinywa kahawa. Jina: Hinuma Yasue. Umri: sabini na moja. Anaishi peke yake. Asubuhi: mkate. Maji ya kuogea: anafulia. Karatasi za zawadi: anaweka zote. Miavuli: saba. Sababu: "Wageni husahau." Hapo nilijipongeza kwa sauti, mhudumu akageuka.

Anwani: jengo la nne, nyumba 404. Niliiona leo. Sanduku lake la barua limezibwa kwa mkanda wa plastiki, hakai mtu. Na namba yenye nne mbili, nne ambayo kwa Kijapani hutamkwa kama kifo, nani atakwenda kuikagua?

Jumanne, 7 Novemba. Mvua.

Ushindi! Bi Ibuki amesoma fomu ya Hinuma mara mbili. Amesema huyu bibi ana uhai, wengine wote wanajibu kama mashine za tiketi. Wateja wetu msimu huu ni watengenezaji wa miavuli, na wameipenda ile ya wageni husahau. Nimepewa andazi la krimu mbele ya watu wote. Tsukuda kapiga makofi. Kwa roho safi kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi kwake.

Alhamisi, 9 Novemba. Mawingu.

Kadi ya posta imefika ofisini, kwa jina langu. Nainakili:

"Nashukuru kwa maswali yenu. Naomba kusahihisha jibu moja. Mmeandika kwamba asubuhi nakula mkate. Nimejaribu siku mbili, tumbo linakataa. Tafadhali andikeni wali. Hinuma Yasue, 404."

Nikaketi. Bi Ibuki akauliza kama naumwa.

Tsukuda! Nani mwingine? Kanifuata mgahawani, kachungulia begani. Nikamwekea mtego. Nikamwomba aniandikie orodha ya vitu vya dukani, kwamba mkono unaniuma: mkate, wali, mwavuli. Akaandika bila kuuliza, na chini akaongeza jina la dawa nzuri ya kuchua mkono.

Nimelinganisha chooni, mlango nimeufunga. Mwandiko si wake. Herufi za Tsukuda ni za duara, za kwenye kadi zimelala kushoto. Mimi peke yangu ofisini ndiye ninayelaza herufi kushoto, siku ambazo sina haraka.

Ijumaa, 10 Novemba. Mvua.

Bi Ibuki kaniamuru niende kuchukua sahihi ya marekebisho. Nikasema bibi huyo hupenda faragha. Akasema, "Mtu aliyetuma kadi mwenyewe? Nenda bwana, acha uvivu."

Nimekwenda mchana, saa nane. Sanduku la barua bado limezibwa. Ngazi zinanuka simenti iliyolowa. Mpango wangu: kusimama mlangoni dakika tano, kutia sahihi mwenyewe, kurudi. Nilikuwa nimeshatoa kalamu.

Mlango ukafunguka kabla sijagonga.

Mwanamke mdogo wa umbo, aproni ya kijivu, nywele zimebanwa vizuri. Sura ambayo nikitazama pembeni naisahau. Akainama, akaniambia, "Ndiwe bwana wa maswali. Karibu. Nilijua leo utakuja."

Mlangoni palikuwa na miavuli saba. Yote inachuruzika maji.

Nilivua viatu. Kwa nini nilivua viatu? Mazoea! Ndani kulikuwa na vyote nilivyoandika. Karatasi za zawadi zimekunjwa, zimepangwa hadi usawa wa dirisha. Beseni limejaa maji ya kuogea na nguo ndani yake. Mkate uliokatwa kipande kimoja. Basi. Pazia hakuna. Picha hakuna. Nikatafuta saa ukutani nijue nimekaa muda gani, hakuna. Ndipo nikakumbuka: kwenye fomu hatuulizi saa.

Nikamuuliza wageni walioacha miavuli ni akina nani. Akasema na yeye angependa kujua. Wanakuja, wanaketi, hawasemi jina, wanaondoka na mvua.

Akanimiminia maji ya moto bila majani ya chai. Chai ni swali la thelathini na tatu. Nililiruka.

"Nina jambo jingine," akasema. "Swali la sita. Watoto. Umeandika hakuna. Ulikuwa na haraka?"

Ningeweza kukana. Nikajikuta nasema, "Kahawa ilikuwa inapoa, bibi."

Hakukasirika. Angekasirika ningekimbia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa. Akasema, "Basi niongezee mmoja. Wa kike, ikiwezekana. Mmoja tu, sitakusumbua. Jioni hapa kimya kinakuwa kingi."

Nikamwahidi. Niliweka viganja viwili sakafuni, nikainama, nikaahidi! Kisha nikashuka ngazi nne nne, na mwavuli wangu nimeusahau kwake. Nimefika nyumbani nimelowa hadi mifupa. Sahihi sikuchukua.

Jumatatu, 13 Novemba. Baridi.

Maafa. Watengenezaji wa miavuli wanataka kumtembelea Bibi Hinuma. Alhamisi! Na mpiga picha! Bi Ibuki anasema itakuwa picha ya kwanza kwenye ripoti.

Wakimkuta, watauliza maswali. Wasipomkuta, nitaulizwa mimi. Nimefikiri asubuhi yote, jasho kwenye baridi hii.

Mpango: amehama! Iko fomu ya kuhama, ukurasa mmoja, muhuri mmoja. Tatizo ni kwamba haikubali anwani mpya iachwe wazi. Hapo akili yangu ikawaka. Tsukuda analalamika kila wiki kwamba nyumba ya jirani yake ni tupu na anaogopa kupita mlango ule. Basi nikamhamishia hapo. Wageni wakienda Alhamisi, watagonga nyumba tupu, na atakayetoa maelezo ni Tsukuda, kwa vile ni mtaa wake. Atababaika. Mara moja tu nimwone akibabaika, sitaki zaidi.

Swali la sita? Nimelitazama. Fomu ya marekebisho ilikuwa mbele yangu. Lakini mtoto ni kazi: umri, shule, ameolewa wapi, anampigia mama simu mara ngapi. Nimeiweka mtotoni mwa meza. Siku nyingine.

Jumatano, 15 Novemba. Jua dogo.

Nimekwenda kuufuata mwavuli wangu. Nimejiambia ni mwavuli tu.

Nimegonga. Kimya. Mlinzi wa majengo, Mzee Kirihara, akapanda na funguo zake akinung'unika. Nikamwambia nilikuja Ijumaa, nikaongea na bibi wa humu.

"Bibi gani?" akasema. "Humu hajakaa mtu miaka sita. Hata umeme ulikatwa."

Akafungua. Vumbi tupu. Vumbi zito, la kijivu, kama blanketi limetandikwa sakafu nzima. Karatasi hakuna, beseni hakuna, wala mwavuli hata mmoja.

Nyayo zilikuwapo. Za soksi, jozi moja, kuanzia mlangoni hadi katikati ya chumba. Hapo kwenye vumbi pana alama ya mtu aliyepiga magoti muda mrefu, na mbele yake viganja viwili, vya mtu aliyeinama akiahidi. Nikaweka kiganja changu juu ya kimoja. Kimeenea sawasawa.

Mzee Kirihara akaacha kunung'unika. Akauliza kwa upole, "Bwana, una mtu nyumbani wa kukupikia?"

Nilitarajia kufurahi. Bibi hayupo, nimeokoka! Badala yake nimerudi kwa miguu njia nzima, na njiani nimenunua pakiti ya majani ya chai ambayo mimi sinywi.

Ijumaa, 17 Novemba. Mvua ya barafu.

Sielewi. Naandika tu kama ilivyokuwa.

Wateja walikwenda jana. Leo asubuhi Tsukuda kachelewa, hajawahi kuchelewa, kaingia anang'aa, mkononi bakuli la figili za chumvi. Anagawa meza hadi meza. Wateja wamefurahi, Bi Ibuki kafurahi, Tsukuda sasa ni msimamizi wa kanda nzima ya mto. Yaani msimamizi wangu.

Picha ikapitishwa. Bibi Hinuma kaketi, aproni ileile, miavuli nyuma yake. Pembeni Tsukuda kamshika mkono. Bi Ibuki akasema, "Tazameni, hata pua zinafanana." Na kweli zinafanana. Wiki iliyopita hazikufanana, nisingeweza kufananisha uso ule na chochote.

Nilisubiri saa ya chakula. Tsukuda, kila siku saa sita, humpigia simu mama yake aliye mji wa Kanazawa. Sote tunamfahamu huyo mama kwa kikohozi chake. Leo hakupiga. Nikamuuliza, "Mama wa Kanazawa hajambo?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Kanazawa? Kaka Nagashio, Kanazawa sina mtu. Mama yangu si huyu hapa, mlango unaofuata wangu? Amekupa salamu. Anasema unafanya kazi kwa haraka mno, lakini hana kinyongo."

Nikaenda kwenye kabati la fomu. Swali la sita, watoto. Neno "hakuna" limekatwa kwa mstari mmoja nadhifu. Juu yake: "Mmoja. Wa kike." Herufi zimelala kushoto.

Sikuandika mimi. Fomu ya marekebisho bado imo mtotoni mwa meza, nyeupe.

Nimefikiria jioni hii kupiga simu Kanazawa. Namba imo kwenye daftari la dharura la ofisi. Niliinakili kabisa. Lakini nikimpata huyo mama, nitamwambia nini? Na nisipompata?

Sikupiga.

Na bado kuna jambo linaloniuma zaidi, naona aibu kuliandika. Ni mimi niliyemleta yule bibi duniani! Mimi! Na anayeitwa mwanawe ni Tsukuda.

Jumamosi, 18 Novemba. Theluji ya kwanza.

Nimelala vizuri, nimeamka na akili safi. Wiki hii imenifundisha mengi, na ni vyema niyaweke wazi. Kosa langu halikuwa kuandika mtu. Kosa langu lilikuwa haraka! Niliruka chai, nikasahau saa, nikambania watoto. Kazi ya ovyo, matokeo ya ovyo. Mtu akiandikwa kwa utulivu, ana shida gani?

Kwa hiyo leo nimejaza fomu mpya, taratibu, kuanzia saa mbili asubuhi. Mwanamke, umri arobaini na tisa. Asubuhi: wali na samaki wa kuchoma. Chai: kila siku. Saa ukutani nimeongeza kwa mkono, pembeni. Hobi: kucheka. Wanaume anaowapenda: wapole, wenye nywele chache. Chakula anachokipika vizuri zaidi: vyote. Anwani: hii yangu. Mume: mimi.

Nimefagia. Nimefua soksi. Nimeweka jozi mbili za ndara mlangoni, ile mpya kushoto. Kwenye swali la ununuzi nimeandika kwamba Jumamosi huenda sokoni saa nne na kurudi saa tano na nusu. Sasa ni saa tano na dakika ishirini na tano. Theluji imefunika ua wote, hakuna gari linalopita, na mtu anapanda ngazi za chini. Anapanda taratibu, kama mwenye vikapu viwili. Mimi niko ghorofa ya tatu. Ghorofa ya kwanza kaipita.

Nimegeuza fomu niipige muhuri, na kumbe hii ni fomu ya toleo jipya, ina ukurasa wa nyuma! Swali moja tu lipo huko. "Hali ya mume: hai au marehemu. Weka alama moja."

Nimeliacha wazi. Kalamu imeisha wino, na ya akiba iko ofisini.

Si neno. Mwenyewe atajaza akifika.