Ndama wa Rabson

Jumatatu, 2 Machi 2009
Semina ya kikundi cha ng'ombe, kijijini Mpemba. Mama Getruda, afisa mifugo, kasema ndani ya kiwele kuna tezi. Seli zake zimebanana, zina vitundu vya kupenyezeana habari. Moja ikiguswa inamwambia jirani, jirani naye jirani yake, zote zinaachia maziwa kwa pamoja. Wenzangu walisinzia. Mimi nimeona mbali! Kumbe kazi ya ndama ni kupeleka habari tu. Kushiba kwa nini? Na huyu wa Mapendo, ng'ombe tuliyekopeshwa na kikundi, ni jike na ndiye wa kwanza. Kwa utaratibu wa kikundi akikua anakwenda kwa Rabson, jirani yangu mwenye maringo. Nimnenepeshee Rabson ndama? Thubutu!

Ijumaa, 6 Machi
Ndama ananyonya chuchu moja, nahesabu hadi kumi, namvuta. Ndoo inajaa. Mke wangu Imelda anasema mbavu zinahesabika. Nimemjibu hakuwepo semina. Anasema maziwa ya Mapendo ndiyo uji wa Happy, binti yetu, nisimchezee. Hana imani na sayansi.

Jumatano, 11 Machi
Ndama amekufa. Nimemkuta alfajiri, macho wazi. Mapendo analia, kiwele kimegoma. Nimekanda chuchu moja asubuhi nzima ili iwaambie wenzake. Hata tone! Mzee Mayala, mfugaji wa Kisukuma kutoka Momba, kanishauri nichune ngozi, niijaze majani, niipake chumvi. Mapendo atailamba akidhani ni mwanawe, atashusha maziwa. Kwa kuwa habari hupelekwa na seli moja, nimeona mkia unatosha. Mapendo kaunusa. Kisha kanipiga teke la goti.

Jumamosi, 14 Machi
Kikao. Mama Getruda kauliza ndama alikuwa anakula nini. Nimeeleza nadharia yangu kwa kirefu. Mama Getruda akasema, Baba Happy, habari hazishibishi mtoto, na mama mwenye majonzi hashushi maziwa. Kikundi kimenipokonya Mapendo, kikampa Rabson. Alimfunga kamba taratibu, wala hakunicheka. Hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 15 Machi
Happy kanywa uji wa maji matupu. Imelda analia tangu jana, hanitazami. Nami nimelia bandani, peke yangu. Kisha nikakumbuka: machozi nayo hutoka kwenye tezi! Nimempa Imelda kitambaa, nikamwelekeza afute jicho la kushoto tu. La kulia litapata habari.